Moto wa mafuta hauzimwi kwa ndoo ya maji: povu, unga na mchanga hufanyaje kazi, na kijiji kijiandaeje

Kwa kifupi:
- Petroli, mafuta ya kukaangia na umeme ni mioto ambayo maji huweza kuikuza au kuua anayeyamwaga.
- Povu ndilo linalozima moto mkubwa wa mafuta, lakini linakuja na gari la zimamoto, na gari hilo liko mbali na wengi wetu.
- Baadhi ya mapovu ya zamani yana kemikali inayokaa kwenye maji ya ardhini kwa miaka mingi.
- Kijiji kinaweza kujiandaa kwa vitu vichache: mchanga, mfuniko, mtungi wa unga, na umbali.
- Namba ya dharura ya zimamoto Tanzania ni 114. Ni bure.

Moto ukizuka kijijini, wa kwanza hupiga yowe na wa pili hukimbilia ndoo. Kwa nyumba ya nyasi, kihenge cha mahindi au shamba lililokauka, ndoo hiyo bado ni silaha nzuri. Lakini vitu tunavyoishi navyo vimebadilika. Dukani kuna petroli ya bodaboda kwenye chupa za maji ya kunywa. Jikoni kuna mtungi wa gesi. Darini kuna waya za umeme. Pembeni ya kitanda kuna betri ya sola. Kwenye ghala la AMCOS kuna mbolea na dawa za mimea. Kila kimoja kina moto wake.

Mabadiliko haya yametokana na sera. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefikisha umeme karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa vijijini kwa bei ya ruzuku. Mama aliyepikia kuni miaka thelathini anajua faida ya kuondokana na moshi. Tatizo ni kwamba nishati mpya imefika haraka kuliko elimu ya kuizima inapowaka mahali pasipotakiwa. Gesi imepelekwa hadi mlangoni. Somo la gesi limebaki mjini.

Wasikilizaji wetu wengi huuliza swali moja kwa namna mbalimbali: "Lile povu jeupe linalomwagwa na zimamoto ni nini, na sisi tusio na gari la zimamoto tufanyeje?" Tulijibu kwa mpangilio.

Moto una miguu mitatu

Moto unasimama kwa vitu vitatu: joto, kitu kinachoungua, na hewa yenye oksijeni. Ni kama mafiga. Ondoa figa moja, sufuria inaanguka. Kila njia ya kuzima moto huondoa figa fulani.

Maji huondoa joto. Mfuniko, mchanga na povu huzuia hewa. Kufunga valvu ya gesi huondoa chakula cha moto. Ule unga mkavu ulio ndani ya mitungi mingi myekundu hufanya kazi nyingine: huingilia mwako wenyewe, kemikali zinazoshikana ndani ya mwali zikashindwa kuendelea kushikana.

Ndiyo maana mitungi ya kuzimia moto huandikwa herufi. Katika mfumo unaotumika Uingereza na nchi nyingi zilizoufuata, A ni vitu vigumu kama mbao, nyasi, nguo na karatasi. B ni vimiminika kama petroli, dizeli, mafuta ya taa na rangi. C ni gesi. D ni metali kama magnesi. F ni mafuta ya kupikia. Moto wa umeme una alama yake ya radi. Angalizo: mitungi iliyotengenezwa kwa mfumo wa Marekani hutumia C kwa umeme na K kwa mafuta ya kupikia. Kwa hiyo usikariri herufi peke yake. Angalia picha zilizochorwa kwenye mtungi: kipande cha mbao, kidumu cha mafuta, plagi ya umeme, kikaango.

Kwa nini petroli huyacheka maji

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukimwaga maji juu ya petroli inayowaka, maji yanazama na petroli inapanda juu, ikiendelea kuungua. Maji yakitiririka, yanaibeba. Moto uliokuwa mbele ya duka sasa uko mlangoni kwa jirani.

Jambo la pili ni mvuke. Kinachowaka hasa ni mvuke unaotoka kwenye petroli, na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi kali kuliko yoyote tunayoijua Makete au Lushoto. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hauelei kwenda juu kama moshi. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unaingia bondeni, unalifikia jiko la mkaa lililo mbali na mahali mafuta yalipomwagika. Hapo moto unarudi ulikotoka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia.

Huu mvuke ndio ulioua watu barabarani katika eneo letu. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakaja na madumu kuchota. Moto ulipolipuka, waliokufa, pamoja na wale waliofia hospitalini baadaye, walizidi 100. Januari 31, 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, Kenya, ilikuwa hivyo hivyo, na zaidi ya 100 walikufa. Julai 2, 2010, katika mji wa Sange, Kivu Kusini, Congo, waliokufa walizidi 200. Julai 2021 ikawa zamu ya Gem, kaunti ya Siaya.

Katika matukio haya moto haukuanza watu walipofika. Ulianza baada ya umati kukusanyika, wakati mvuke ulikuwa umeshatanda miguuni mwao. Cheche ya pikipiki, sigara au betri ya gari inatosha.

Povu hufanya nini

Povu la zimamoto linatengenezwa na vitu vitatu: maji, dawa ya povu, na hewa. Dawa huja ikiwa nzito kwenye madumu au kwenye tanki maalumu la gari. Aina nyingi huchanganywa kwa asilimia 3 au 6, yaani lita 3 za dawa kwa lita 97 za maji, au lita 6 kwa lita 94. Mchanganyiko ukipita kwenye bomba lenye matundu ya kuvuta hewa, hutoka povu.

Povu ni jepesi kuliko petroli, kwa hiyo linaelea juu yake. Linapotanda, linafanya kazi nne kwa pamoja. Linaifungia hewa isifike. Linaufungia mvuke usitoke. Linapoza, kwa sababu ndani yake kuna maji. Na linatenganisha mwali na mafuta yaliyo chini. Mfikirie mama anayefunika wali kwa jani la mgomba na mfuniko juu: mvuke hautoki, na hakuna kinachoingia.

Ndiyo maana zimamoto hawalirushi povu kwa nguvu katikati ya dimbwi la mafuta. Wakifanya hivyo wanayavuruga mafuta na kuyatapanya. Wanalipiga ukutani liteleze, au wanalimwaga mbele ya moto liviringike lenyewe kuelekea kwenye mafuta. Ukiona wanakwenda taratibu, usidhani ni uvivu.

Povu hutumika hata pale ambapo moto haujawaka. Lori likipinduka na mafuta yakamwagika, povu hutandikwa juu ili mvuke usitoke. Lakini blanketi hilo halidumu. Maji yaliyomo huchuja polepole na povu huoza, hivyo huongezwa mara kwa mara. Anayepita katikati yake kuchota mafuta anafungua tundu. Kwa macho unaona weupe uliotulia, kumbe chini yake kuna petroli hai.

Povu lina mipaka yake pia:
- Halifai kwa umeme ambao haujakatwa, maana lina maji, na maji hupitisha umeme.
- Halizimi gesi inayotoka kwa msukumo, wala mafuta yanayomwagika kutoka juu kama maporomoko. Hapo huwezi kutandika blanketi.
- Povu la kawaida huharibiwa na spiriti na pombe kali, kwa sababu pombe hunyonya maji ya povu na kulivunja. Kwa moto wa aina hiyo lipo povu maalumu linalostahimili pombe. Kwenye mtambo wa gongo, basi, usitegemee povu lolote lile.

Na povu la sabuni ya unga ya kufulia? Hapana. Halistahimili joto, linavunjika mara moja, na unabaki umemwaga maji kwenye mafuta.

Hesabu ya dimbwi moja

Hapa ndipo suala linapogeuka kuwa la sera na bajeti.

Tuseme lori limepinduka na mafuta yametanda eneo la mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200. Hilo si dimbwi kubwa. Lori moja la masafa marefu hubeba lita elfu thelathini na zaidi. Viwango vya kimataifa kwa mafuta yaliyomwagika huhitaji takribani lita 4 za mchanganyiko kwa dakika kwa kila mita ya mraba, kwa dakika 15. Piga hesabu: 200 mara 4 ni lita 800 kwa dakika. Mara dakika 15 ni lita 12,000. Kwa dawa ya asilimia 3, hiyo ni lita 360 za dawa na zaidi ya lita 11,600 za maji.

Gari la zimamoto la kawaida hubeba maji ya lita elfu chache. Kwa hiyo hata dimbwi hili la kati linahitaji zaidi ya safari moja, au bomba la maji karibu, au magari mawili matatu kwa pamoja. Na povu likimwagwa kidogo kidogo, moto unalila kadiri linavyokuja, na dawa yote inapotea bure. Zimamoto wenye uzoefu husubiri hadi povu la kutosha lifike kabla ya kuanza, wakati huo wakipoza vitu vya jirani kwa maji. Wananchi wanaowatazama hukasirika, wakisema "wamekuja na hawafanyi kitu". Sasa unajua wanasubiri nini.

Vituo vya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji viko zaidi kwenye makao makuu ya mikoa na wilaya. Barabara kuu zinazopitisha mafuta kutoka bandarini kwenda Zambia, Congo, Rwanda na Burundi zinapita katika mamia ya vijiji visivyo na kituo. Lawama kwa askari wa zimu hazitaongeza lita za povu. Swali la kumuuliza diwani na mbunge ni hili: kwenye barabara yetu, povu la karibu liko wapi, ni lita ngapi, na maji ya kulichanganya yatatoka wapi?

Wakati jibu linasubiriwa, kinga yetu ni umbali. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na waokoaji wa Amerika Kaskazini unashauri kwamba lori la mafuta likishika moto, watu wakae mita 800 kutoka lilipo, pande zote. Ni kama viwanja vinane vya mpira vikipangwa mstari mmoja. Likimwaga mafuta bila kuwaka, ondoka upande ambao upepo unaelekea na kaa mahali pa juu, maana mvuke hukimbilia mabondeni. Zima pikipiki ukiwa mbali. Kisha piga 114.

Povu lenye deni

Kuna upande wa povu ambao haujazungumzwa sana vijijini, nao unahusu kisima chako.

Povu lililotawala dunia kwa zaidi ya nusu karne lilibuniwa Marekani katika miaka ya 1960, kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini. Kemikali zake zenye floraini zilifanya utando mwembamba utambae juu ya mafuta kwa kasi kubwa. Julai 29, 1967, meli ya kivita USS Forrestal iliungua karibu na Vietnam na mabaharia 134 walikufa. Baada ya hapo povu hilo lilienea kwenye meli, viwanja vya ndege na maghala ya mafuta.

Kemikali hizo zinaitwa kwa kifupi PFAS. Ubora wake ndio ubaya wake: haziozi. Zikimwagika ardhini zinashuka na maji hadi kwenye visima, na zinakaa humo. Mwishoni mwa 2013, huko Ronneby nchini Uswidi, chanzo cha maji ya kunywa kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege wa kijeshi kilifungwa baada ya kukutwa na kiwango kikubwa cha kemikali hizi. Zilitoka kwenye povu la mazoezi ya zimamoto. Miaka kumi baadaye, Desemba 2023, Mahakama ya Juu ya Uswidi iliamua kwamba wakazi wenye kiwango kikubwa cha PFAS kwenye damu wamepata madhara ya mwili kisheria. Mwezi huo huo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka PFOA, mojawapo ya kemikali hizo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, uliiwekea PFOS vizuizi mwaka 2009, kisha PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Sasa yapo mapovu yasiyo na floraini. Yanazima moto wa mafuta, ingawa mengine yanahitaji kumwagwa kwa wingi zaidi na kwa ustadi zaidi.

Tufanye nini na habari hii? Kwanza, mtu akiwa anaungua, povu lolote ni halali. Uhai haungoji maabara. Lakini mazoezi ni jambo jingine. Hakuna sababu ya kumwaga povu la zamani kwenye maonyesho ya shule au uwanja wa ndege mdogo ulio juu ya chanzo cha maji, wakati mazoezi yanaweza kufanywa kwa povu la kufundishia au maji matupu. Pili, halmashauri, mgodi au kiwanda kinaponunua dawa ya povu, swali la kwanza liwe: ina floraini au haina? Nchi tajiri zinaondoa akiba zao za zamani, na bidhaa inayokataliwa kwingine huwa na tabia ya kuwa rahisi ghafla kwetu. Tatu, povu likitumika kwenye ajali karibu na kisima au kijito, serikali ya kijiji iombe maji yapimwe kabla watu hawajarudi kuchota. Hapo patakuwa na mafuta pia.

Jikoni: mfuniko na valvu

Mauaji mengi ya moto hayatokei barabarani. Huanzia nyumbani.

Mafuta ya kukaangia yakiwaka, iwe kwa mama lishe au kwenye kibanda cha chipsi, yamepita joto la maji kuchemka mara tatu. Maji yakiingia, yanazama chini ya mafuta na kugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji hutoa takribani lita 1,700 za mvuke. Mvuke huo unayarusha mafuta yanayowaka hadi darini na usoni mwa mpishi. Njia sahihi ni tatu kwa mpangilio: zima jiko kama unalifikia, funika karai kwa mfuniko wa chuma au bati kwa kulisukuma kutoka upande wako, kisha uache lipoe. Usifunue kuchungulia. Usilibebe kulitoa nje.

Gesi ina kanuni moja inayoshangaza wengi: usiuzime mwali kama huwezi kuifunga gesi. Mwali ukizimwa huku gesi inaendelea kutoka, gesi inajaa chumbani, na cheche inayofuata haitakuwa mwali tena. Itakuwa mlipuko. Mwali ukiwa mdogo kwenye kichwa cha mtungi au kwenye mpira, na valvu inafikika, funika mkono kwa kitambaa kizito kilicholoa, funga valvu, mwali utakufa wenyewe. Mtungi ukiwa umezungukwa na moto mwingine na unapata joto, usisogee. Toa watu, wapeleke mbali, piga 114.

Ukisikia harufu ya gesi bila moto, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na simu itumie nje. Funga valvu, fungua milango. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Fungua mlango.

Umeme na betri

Kwa moto wa umeme, kata kwanza swichi kuu. Umeme ukishakatika, kinachobaki ni moto wa mbao na nguo, na maji yanafaa. Usipoweza kuikata, tumia mtungi wa unga au wa kaboni dayoksaidi, si maji wala povu. Waya ukiwa umeanguka chini, usiukaribie, piga TANESCO.

Betri za lithiamu, zinazokuja na sola mpya na pikipiki za umeme, zina tabia yao. Joto linajizalisha ndani ya seli moja na kuihamia nyingine. Unga unaweza kuua mwali, lakini hauondoi joto, na betri huwaka tena baada ya dakika au hata saa kadhaa. Moshi wake ni sumu. Kinachosaidia ni maji mengi ya kupoza, yakimwagwa kutoka mbali, nje ya nyumba. Betri iliyovimba au inayotoa joto bila sababu isilale ndani na watoto.

Ghala la pembejeo

Hapa viongozi wa AMCOS wasome mara mbili. Vidonge vya kufukizia nafaka vyenye fosfaidi ya alumini vikikutana na maji hutoa gesi ya fosfini, ambayo ni sumu kali na huwaka. Kwa hiyo ghala lenye vidonge hivyo halimwagiwi maji ovyo. Mbolea yenye naitreti ya amonia ni kinyume chake: ina oksijeni yake yenyewe ndani, hivyo kuifunika kwa mchanga, povu au unga hakusaidii. Inahitaji maji mengi mapema, na moto ukishakuwa mkubwa, inahitaji watu wakimbie. Beirut, Agosti 4, 2020, tani zipatazo 2,750 za kemikali hiyo zililipuka bandarini na kuua zaidi ya watu 200. Mbolea ya CAN tunayotumia imechanganywa na chokaa na hatari yake ni ndogo zaidi, lakini haifai kukaa pamoja na dizeli, mafuta au dawa za mimea.

Dawa za mimea nazo zina somo. Novemba 1, 1986, ghala la kemikali la Sandoz karibu na Basel, Uswisi, liliungua. Maji ya kuzimia yalisomba sumu hadi mto Rhine na samaki wakafa kwa mamia ya kilomita. Tangu hapo, zimamoto hujiuliza maji yanakwenda wapi kabla ya kufungua bomba. Ghala lako likiwa juu ya mto wa kijiji, jiulize leo, si siku ya moto.

Mtungi mwekundu na mchanga

Kwa kijiji, kifaa kinachofaa mahali pengi ni mtungi wa unga wa ABC. Unazima vitu vigumu, mafuta na gesi, na unaweza kutumika kwenye umeme. Mtungi wa kilo 6 humalizika ndani ya sekunde chache, chini ya nusu dakika, kwa hiyo hakuna nafasi ya kujifunza wakati moto unawaka. Kumbuka hatua nne: vuta pini, elekeza chini kwenye shina la moto, bana mkono, fagia kushoto na kulia. Simama mita mbili au tatu, upepo ukiwa mgongoni, na njia ya kukimbilia iwe nyuma yako. Mtungi ukiisha na moto haujafa, ondoka. Unga haupozi, hivyo angalia kama moto unarudi.

Mshale wa kipimo uwe kwenye rangi ya kijani. Mtungi ukaguliwe kila mwaka. Ukining'inizwa ofisini kwa miaka bila kuguswa, huwa pambo.

Kwa muuza petroli wa chupa, ndoo mbili za mchanga mkavu na koleo ni kitu cha chini kabisa. Mchanga hufunika mafuta yaliyomwagika na kuzuia yasitiririke. Bora zaidi ni kuacha kuuza kwenye chupa: EWURA imeweka masharti nafuu kwa vituo vidogo vya vijijini, na vijana wa kikundi wanaweza kuungana kuanzisha kimoja.

Ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji ujao, simamisha mkono na uulize haya:
1. Nani mwenye swichi kuu ya shule, zahanati na mashine ya kusaga, na funguo ziko wapi?
2. Kijiji kina mitungi mingapi ya kuzimia moto inayofanya kazi, na nani kati ya mgambo wetu amewahi kuutumia?
3. Petroli inauzwa wapi, na hapo kuna mchanga?
4. Ghala la pembejeo limehifadhi nini, na orodha imebandikwa nje?
5. Gari la zimamoto likija, litajaza maji wapi? Mto, bwawa, kisima cha shule? Njia inapitika masika?
6. Mabweni ya shule yana milango inayofunguka kutoka ndani? Mwaka 1994 huko Shauritanga, Rombo, zaidi ya wasichana 40 walikufa bwenini. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, Kenya. Hakuna povu linalofidia mlango uliofungwa.

Swali la tano ndilo rahisi kulitatua. Halihitaji fedha za wafadhili, linahitaji vijana wenye majembe kwa siku mbili kusafisha njia ya kwenda bwawani, na mwenyekiti wa kusimamia kazi. Povu litoke mjini. Maji ya kulichanganya tunaweza kuyaandaa sisi.